'Bei Njoo Inboksi': Lugha ya Mfanyabiashara Mdogo na Uendeshaji wa Matangazo katika Mitandao ya Kijamii

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" inamweka mchuuzi mahali pagumu tangu mwanzo. Kwa mujibu wa methali hiyo, kule kujitembeza kwenyewe ni dalili ya ubovu wa kitu. Hata hivyo, jamii iliyorithishana methali hii imejitembeza sana katika historia yake ya biashara. Muuza kahawa wa mitaa ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hugonganisha vikombe vyake ili asikike kabla hajaonekana. Mchuuzi wa samaki huitangaza bei yake kwa sauti. Kanga nayo, pamoja na methali na mafumbo yake, imebeba kwa muda mrefu alama ya mwenye mali. Chapa mashuhuri ya "Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887, ni tangazo linalovaliwa na mteja mwenyewe na kutembezwa naye bila malipo. Yamkini basi methali haikatazi kunadi. Inachosema ni kwamba anayenadi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na kwamba msikilizaji ana haki ya kushuku.

Shuku hiyo ndiyo inayomkabili leo mfanyabiashara mdogo anayeuza kwa njia ya Facebook (iliyoanzishwa mwaka 2004), WhatsApp (2009) na Instagram (2010). Anayezungumzwa hapa ni mtu mwenye duka moja, au asiye na duka kabisa, ambaye hupiga picha za bidhaa, huandika maelezo, hujibu maswali, hufunga mizigo na kuipeleka kituo cha basi, ama peke yake ama kwa msaada wa ndugu mmoja. Maandishi mengi ya taaluma ya masoko humfikiria mtu mwenye idara na bajeti. Huyu ana simu moja na kifurushi cha wiki.

Makala haya yanaeleza namna matangazo ya mfanyabiashara wa aina hiyo yanavyoendeshwa, hasa katika miji ya Tanzania ambako Kiswahili ndicho lugha kuu ya mazungumzo ya biashara. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kazi yake kubwa ni ya lugha kabla haijawa ya picha au ya mitambo. Tena, kosa lililoenea zaidi, yaani kuificha bei, halitokani na uvivu. Ni matokeo ya kuihamisha desturi ya kupatana bei kutoka sokoni na kuipeleka mahali pasipo na sifa zilizoifanya iwe ya haki. Mifano yenye namba imetungwa kwa kufuata mtindo wa kawaida wa matangazo hayo. Si nukuu za mtu yeyote.

2.0 Uwanja, Baraza na Chemba

Ni vema kwanza kutenganisha mahali patatu ambapo mfanyabiashara huyu husema, kwa kuwa kila mahali pana hadhira yake na adabu yake. Ukurasa wa Instagram au Facebook ni uwanja: apitaye yeyote huona. Kundi la WhatsApp, pamoja na ile sehemu ya machapisho yanayofutika baada ya saa 24 ambayo watumiaji huiita stetasi, ni baraza: wanaoona ni watu wanaojuana kwa kiasi fulani. Ujumbe wa faragha ni chemba. Neno hili la mwisho halikubuniwa hapa. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kumnong'oneza mwenzake jambo mbali na wengine humwita chemba, na watumiaji wa mitandao wamelichukua neno hilo kama lilivyo.

Uwanja una udanganyifu wake. Mpaka mwaka 2016 Instagram ilionyesha machapisho kwa kufuata mfuatano wa wakati. Mwaka huo ilianza kuyapanga kwa makisio ya kile ambacho kila mtumiaji angependa kuona. Facebook nayo ilitangaza mwezi Januari 2018 kwamba ingetanguliza machapisho ya jamaa na marafiki mbele ya yale ya biashara. Kwa hiyo mwenye wafuasi elfu kumi hana hadhira ya watu elfu kumi. Anaonwa na sehemu yao, na ukubwa wa sehemu hiyo hupangwa na kampuni iliyo mbali, kwa vigezo ambavyo hubadilika bila yeye kuulizwa. Wafuasi ni wa mtandao. Yeye ni mpangaji.

Baraza ni padogo lakini ni pake zaidi. WhatsApp humwezesha mtu kupeleka ujumbe mmoja kwa orodha ya wapokeaji wasiozidi 256, lakini humfikia tu yule aliyekwisha kuihifadhi namba ya mpelekaji katika simu yake. Stetasi nayo, kwa kawaida, huonwa na wale ambao wao na mwenye biashara wamehifadhiana namba. Sharti hili la kiufundi lina maana ya kijamii. Mtu huhifadhi namba ya anayemjua au anayetarajia kumhitaji. Ndiyo maana ombi dogo linalotolewa baada ya mauzo, "tafadhali tunza namba yetu", lina thamani kuliko machapisho mengi ya uwanjani. Kinyume chake ni tabia ya kuwaingiza watu katika kundi bila kuwaomba, jambo ambalo kwa adabu ya Kiswahili ni sawa na kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Wengi hutoka kimya kimya, na wanaobaki huzima mlio.

3.0 Bei Iliyofichwa

Na uangaliwe mfano huu wa chapisho la uwanjani:

(1) Madera mapya yameingia wapendwa. Rangi zote zipo. Bei chee! Njoo inboksi.

Chapisho hili linasema mengi kuhusu bei bila kuitaja. Kiswahili cha matangazo kina utajiri mkubwa wa misemo ya namna hii: bei poa, bei chee, bei ya kutupa, bei sawa na bure. Kazi ya misemo hiyo ni kuchukua nafasi ya tarakimu. Grice (1975) alieleza kwamba mazungumzo huongozwa na kanuni ya ushirikiano, na kwamba mojawapo ya matawi yake ni kanuni ya kiasi: msemaji atoe habari zinazotosha kwa haja iliyopo. Anaponyima habari ambayo kila mtu anajua kuwa anayo, msikilizaji hutafuta sababu, na sababu anayoipata huwa ndiyo ujumbe anaoondoka nao. Msomaji wa (1) ana sababu mbili tu karibu naye. Ya kwanza ni kwamba bei ni kubwa. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba muuzaji anataka kwanza kumtazama mteja, aone picha yake na namna anavyoandika, kisha ampangie bei inayolingana na anavyoonekana.

Wauzaji wana sababu zao pia, na si za kudharauliwa. Wapo wanaoogopa jirani anayeuza bidhaa ile ile, ambaye ataona bei na kushusha shilingi mia tano. Wapo wanaoamini kwamba maswali mengi chini ya chapisho hulifanya mtandao ulione kuwa la maana na kulisambaza zaidi. Kuna pia kundi la mawinga, maarufu Kariakoo, ambao hawana bidhaa bali huunganisha mnunuzi na mwenye duka na kuongeza chao juu. Winga aliyepiga picha mzigo wa duka la mwingine mtaa wa Kongo mara nyingine hafichi bei; hajaijua bado, kwa sababu itategemea mwenye mali atasemaje siku mteja atakapopatikana.

Chini ya sababu zote hizo kuna moja iliyo kongwe: bei, kwa mazoea ya soko, si sifa ya kitu kama ilivyo rangi yake. Ni matokeo ya mazungumzo baina ya watu wawili. Kuitaja mapema hadharani kunaonekana kuyaua mazungumzo hayo. Hapa ndipo panapohitaji uchambuzi wa karibu zaidi, kwa kuwa mazoea hayo yana mantiki.

Kupatana bei sokoni ni aina ya majibizano yenye hatua zinazojulikana. Muuzaji hutaja bei ya juu. Mnunuzi hushtuka, au hujifanya kushtuka, na kutaja nusu yake. Muuzaji huapa kwamba hata yeye hakununua kwa bei hiyo. Mnunuzi huuliza "bei ya mwisho ngapi?", swali ambalo wote wawili wanajua kwamba jibu lake la kwanza si la mwisho. Kisha huja hatua iliyo kiini cha mchezo wote: mnunuzi hugeuka na kuondoka, naye muuzaji, akiona hatua ya tatu au ya nne, humwita: "Haya, njoo chukua." Majibizano haya yanaweza kuonekana kama vita vya ujanja, lakini yana vizuizi vinavyoyaweka katika haki. Bidhaa iko mkononi mwa mnunuzi, anaigeuza na kuivuta mishono. Muuzaji wa jirani anasikia, na kesho bei hiyo itajulikana. Aidha, mnunuzi anaweza kuondoka na kuitwa tena bila yeyote kuona haya.

Chemba ya mtandao haina hata kimoja cha vizuizi hivi. Bidhaa ni picha, pengine si ya muuzaji mwenyewe. Jirani hasikii, kwa hiyo wateja watatu wanaweza kupewa bei tatu katika saa moja pasipo yeyote kujua. Tena hakuna kuondoka. Mteja asiyeridhika hunyamaza tu. Ukimya wake hausemi kama bei imemshinda, kama simu imeisha chaji, au kama anangoja mshahara. Muuzaji akimwita tena kwa ujumbe wa pili, ni msumbufu, asipomwita, amempoteza. Ile hatua iliyokuwa kiini cha kupatana haipo, na kilichobaki ni muuzaji kumtajia mtu faraghani bei ambayo hakutaka wengine waione. Ni vigumu kwa hali kama hiyo kutozaa shuku.

Suluhisho limekwisha kubuniwa na watumiaji wa lugha wenyewe. Katika matangazo ya viwanja, magari na samani kuna fomula ambayo mfanyabiashara wa nguo au vyakula haitumii kama inavyostahili:

(2) Dera la pamba, halichuji rangi. Sh. 22,000/=. Maongezi yapo kwa anayechukua matatu au zaidi.

Kirai "maongezi yapo" ni kifupi, lakini kazi yake ni kubwa. Kwa istilahi ya Austin (1962), ni kauli inayotenda: kwa kusemwa kwake, uwanja wa kupatana unafunguliwa rasmi, na mteja anaalikwa kuomba apunguziwe bila kujiona mchoyo. Wakati huo huo tarakimu iliyotajwa imekuwa dari. Mazungumzo ya chemba yanaweza kushuka chini yake lakini hayawezi kupanda juu, kwa kuwa wapo mashahidi. Kinachopotea ni ile nafasi ya muuzaji kumpandishia mteja anayeonekana ana uwezo. Kinachopatikana ni kwamba kila anayeingia chemba ameshaiona bei na hakuikimbia, na muuzaji hapotezi jioni yake akiwajibu watu ambao tarakimu ile ingewaondoa mapema.

Huenda ikasemwa kwamba jirani bado ataiona bei. Ataiona, ndiyo, lakini jirani anayetaka kuijua huingia chemba kwa namba nyingine akajifanya mteja, akaipata kwa dakika moja. Anayefichwa kwa hakika ni mteja mwenye haya, ambaye haulizi.

Kwa bidhaa zisizo na bei moja, kama vile keki za sherehe, ushonaji au vyakula vya shughuli, neno linalofaa ni "kuanzia". Neno hili nalo lina sharti lake. Anayeandika "kuanzia Sh. 40,000/=" awe na keki ya Sh. 40,000/= anayoweza kuionyesha kwa picha. La sivyo "kuanzia" itafuata njia ya "bei chee" na kuchoka kama ilivyochoka. Ama winga, lililo bora kwake ni kusema wazi kwamba yeye ni mnunuzi kwa niaba, na kutaja ujira wake kando ya bei ya duka. Kazi yake ni halali na ina faida, hasa kwa mteja wa Mpanda au Newala asiyeweza kufika Kariakoo, na haipungui kwa kuitwa jina lake.

4.0 Salamu, Majina ya Kuitana na Sauti

Salamu ya Kiswahili humtaka msemaji ajue umri na hadhi ya anayemsalimu kabla hajafungua kinywa. Muuzaji wa chemba hajui lolote kati ya hayo. Picha ya mteja ni mtoto mchanga, ua, au aya ya kitabu kitakatifu. Jina ni "Mama fulani" au herufi mbili. Akisema "shikamoo" kwa msichana wa miaka 20 amemzeesha. Akisema "mambo" kwa mstaafu wa serikali amemkosea. Majina ya kuitana yana hatari zaidi. "Mpenzi" na "kipenzi", ambayo miongoni mwa wanawake wanaouziana nguo ni maneno ya kawaida tu, huweza kusomwa vingine pale ambapo simu ya mume inashikwa na mke. "Bosi" humsifu mmoja na kumkejeli mwingine.

Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba muuzaji anachagua kati ya kuulinda uso wa mteja kwa kumkaribia na kuulinda kwa kumpa nafasi. Busara ni kuanza kwa kumpa nafasi ("Habari, karibu sana"), kisha kumfuata mteja mwenyewe. Akijitambulisha kama dada, aitwe dada. Akiandika "mwanangu, hiyo dera bei gani", muuzaji amekwisha kujua kwamba shikamoo inadaiwa. Kwa wateja wengi wa Unguja na Mombasa, salamu ya Kiislamu kwanza na habari za nyumbani baadaye hazihesabiwi kuwa ni kupoteza wakati.

Jambo linalowaudhi wauzaji wengi ni mteja anayeandika neno moja tu: "Bei?" Uchambuzi wa mahali huweza kuipunguza hasira hiyo. Neno hilo likiandikwa uwanjani, ni sawa na mpita njia anayeonyesha kidole huku akitembea. Hakuna anayetarajia asimame kuamkia. Ajibiwe pale pale, kwa tarakimu, ili na wengine wasome. Jibu la "njoo inboksi" chini ya swali la hadhara linarudisha tatizo la sehemu iliyotangulia, safari hii mbele ya watu.

Ujumbe wa sauti, ambao WhatsApp iliurahisisha mwaka 2013, umemrudishia mchuuzi kile ambacho maandishi yalimnyang'anya: toni, kicheko, kiapo. Humfaa pia mteja asiyezoea kuandika. Hata hivyo sauti haitafutiki. Wiki moja baadaye hakuna anayeweza kuipata bei ndani ya rekodi tisa za dakika mojamoja. Kwa sababu hiyo kubembelezana kufanywe kwa sauti kama pande zote mbili zinapenda, lakini bidhaa, idadi, jumla na siku ya kupeleka viandikwe.

5.0 Majina ya Rangi na Vipimo

Kiswahili cha nguo kina majina ya rangi ambayo kamusi huyataja kwa uchache: damu ya mzee, ugoro, bluu bahari, maziwa. Muuzaji anayeandika "rangi zote zipo" anayaacha majina haya yote nje, na pamoja nayo anamwacha mteja anayetafuta sare ya harusi ya damu ya mzee. Vipimo navyo vina mkasa kama huo. "Saizi zote" haimsaidii mtu yeyote, ilhali urefu kwa inchi unaweza kupimwa nyumbani kwa futi ya fundi. Katika kanga, neno doti, yaani vipande viwili vinavyouzwa pamoja, litajwe hata kama linaonekana kujulikana. Mnunuzi kijana aliyekulia mbali na pwani huenda akadhani bei ni ya kipande kimoja, au kinyume chake, na ugomvi utatokea mzigo ukifika.

6.0 Fedha Kabla ya Mzigo

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Bila malipo ya simu biashara inayoelezwa hapa isingeweza kuvuka mipaka ya mtaa. Ndani ya Dar es Salaam mzigo huweza kupelekwa na bodaboda na kulipiwa ukifika. Kwa mteja wa mkoani hali ni nyingine: fedha hutangulia, basi hufuata. Hapo ndipo shuku ya methali inaporudi kwa nguvu zake zote, na lugha yenyewe imekwisha kuchafuliwa. Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa matapeli wa namna hii:

(3) Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja...

Nguvu ya (3) iko katika neno "ile". Kiashiria hiki, katika matumizi yake ya kurejelea, hudai kwamba msemaji na msikilizaji wanajua kitu kimoja. Tapeli hajui lolote. Anapeleka ujumbe kwa mamia, akitegemea kwamba miongoni mwao yupo mtu ambaye kwa kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Mpokeaji huyo hulijaza "ile" kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Shida ya muuzaji mwaminifu ni kwamba ujumbe wake wa kawaida, "tuma kwa namba hii, jina litakuja fulani", unafanana na ule wa tapeli karibu neno kwa neno.

Njia ya kujitofautisha ni kusema kile ambacho tapeli hawezi kukijua:

(4) Dada, mzigo wako ni madera mawili, damu ya mzee na bluu bahari, Sh. 44,000/=. Nauli ya basi hadi Iringa Sh. 5,000/=. Jumla Sh. 49,000/=. Namba ya kulipia ni ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wetu, na jina litakalotokea ni la duka.

Katika (4) "ile" ipo tena, lakini safari hii inarejelea kitu kilicho hadharani ambacho mteja anaweza kwenda kukitazama kabla ya kulipa. Ni hapa ambapo bei ya uwanjani huzaa faida yake ya pili: mteja huona kwamba 44,000 ni mara mbili ya 22,000 aliyoisoma, na kwamba wengine pia wameisoma. Mazungumzo ya faragha yanapata mashahidi bila wao kuwapo. Namba ya malipo ya biashara, inayoitwa lipa namba, husaidia zaidi kwa kuwa huonyesha jina lililosajiliwa la biashara badala ya jina la shemeji wa mwenye duka.

Sheria hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha wanunuzi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye sehemu inayomhusu mtumiaji wa bidhaa. Inayosahauliwa zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Muuzaji anayebandika uwanjani picha ya mazungumzo yake na mteja, ama kujisifu ama kumwaibisha aliyechelewa kulipa, huku jina na namba vinaonekana, anagusa jambo ambalo si la adabu peke yake.

7.0 Daftari

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Programu ya WhatsApp ya biashara, iliyotolewa Januari 2018, ina nafasi ya kuweka katalogi, majibu yaliyoandaliwa na alama za kuwagawa wateja, na ni vema itumiwe. Lakini daftari linalokusudiwa hapa ni la aina nyingine, na laweza kuwa la karatasi: daftari la maswali. Muuzaji aandike kila swali aliloulizwa chemba, na chapisho lililolizaa. Swali likijirudia mara nne kuhusu chapisho moja ("kina mfuko?", "ni zito?", "mpo wapi?"), tatizo haliko kwa wateja, chapisho halikusema. Kipimo hiki ni cha kuaminika kuliko hesabu ya alama za kupendwa, ambazo mara nyingi hutolewa na jamaa na washindani.

Daftari hilo huonyesha pia wakati. Anayefanya kazi peke yake hawezi kujibu saa zote, na mteja asiyejua saa za kujibiwa huhesabu kila dakika kuwa ni dharau. Saa mbili zilizotajwa wazi, kwa mfano kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku, baada ya watu kula, huvumiliwa kuliko upatikanaji wa siku nzima usio na hakika. Bidhaa iliyokwisha iandikiwe "imeisha" siku hiyo hiyo. Picha ya dera lililouzwa mwezi uliopita huendelea kuwaita watu, na kila mmoja wao huondoka akiwa amepoteza muda.

Sehemu ya nyuma ya daftari iwe ya majina na namba za waliokwisha kununua, kwa ridhaa yao, pamoja na walichonunua. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kwa takriban saa sita. Siku kama hiyo uwanja, baraza na chemba hufungwa kwa wakati mmoja, na muuzaji ambaye namba za wateja wake zimo ndani ya programu iliyozimika hana wa kumwambia kwamba mzigo wa Iringa umekwisha kupakiwa. Mwenye daftari hupiga simu.